Ua la Mtamba

Asubuhi ile Honorina Sótar aliamka kabla ya mumewe, kama kawaida, akawasha jiko, akakanda unga. Casimiro Puca alipotoka nje kunawa uso, mkate ulikwisha kuiva na chai ya majani ya milimani ilikuwa inafuka mezani. Mbwa alikuwa amelala kizingitini. Wote wawili walimruka, hakuna aliyemfukuza.

"Miguu vipi leo?" Casimiro akauliza.

"Ipo."

"Imepungua?"

"Imevimba, lakini ipo."

"Basi kaa kitako upumzike."

"Nikikaa mimi nani atasimama? Wewe, Jiwe?"

Alizoea kumwita Jiwe. Casimiro alikuwa fundi wa kuchonga yale mawe meupe ambayo nyumba zote za kijiji chao cha Toconao zimejengwa kwayo, na tena hakuwa mtu wa maneno mengi. Jina lilimkaa sawasawa.

Walipokwisha kula, Honorina alifuta makombo kwa kiganja, akawatupia kuku mlangoni, akarudi kukaa. Ndipo aliposema, "Leo nipeleke mjini San Pedro. Nikamwambie yule binti kabla hajaondoka."

Casimiro alijua ni binti gani na ni jambo gani. Amparo Iturra alikuwa daktari wa mambo ya anga, si wa wagonjwa, na kazi yake ilikuwa kwenye ile darubini kubwa ya mlimani. Ramani yake ya anga ilikuwa imeingia doa. Aliamini ameiharibu kwa mikono yake mwenyewe, na mwisho wa wiki alikuwa anafunga virago arudi kwao kusini. Aliyeiharibu alikuwa Honorina, mpishi wao. Honorina alikuwa bado hajasema.

"Leo maji ni yetu," Casimiro akasema.

Hilo nalo lilikuwa kweli. Toconao maji ya mfereji huenda kwa zamu, na zamu ikikupita, mizabibu yako inakaa na kiu mpaka kijiji kizima kizungukwe tena. Hata harusi hupangwa kwa kuitazama zamu ya maji.

"Najua ni yetu. Tukimaliza twende."

"Tukimaliza jua limezama, na pikapu haina taa. Kesho."

Honorina alimtazama kidogo. Huenda alikuwa anapima kama abishe au asibishe.

"Haya, kesho. Lakini kesho usije ukaniambia kesho."

"Nimesema."

Honorina akatwaa koleo lake dogo akapanda na njia ya mfereji, kwenda kulifungua lango la maji kule juu. Casimiro akabaki chini kwenye mizabibu. Ndivyo walivyofanya tangu waoane. Mke anafungua, mume anapokea.

Maji hayakuja.

Casimiro alisafisha vijito vya kati ya mizabibu, akaegemea jembe, akangoja. Mfereji ulikaa mkavu. Akasikia jogoo wa jirani, akasikia kengele ya mnara, akaona saa yao inaliwa bure. Akasonya. Akajua mkewe amekutana na mtu huko juu na wanapiga soga. "Mwanamke huyu na mdomo wake," akasema kwa sauti, pale peke yake. Ndipo akapanda.

Alimkuta amekaa kwenye kivuli cha ukuta wa mawe, mgongo umeegemea, koleo mapajani. Lango lilikuwa bado limefungwa. Ukimwona ungesema anapumzika, kama alivyoambiwa asubuhi.

Majirani walikuja kuubeba mwili. Mmoja wao, bila kumuuliza mtu, alilifungua lango, kwa kuwa zamu ilikuwa bado yao. Mizabibu ilikunywa siku ile.

*

Honorina alikuwa mtu wa Talabre, kule juu kwenye baridi, chini ya mlima Láscar unaotoa moshi. Kwao ni wafugaji wa kondoo na lama, wanyama wa sufu wenye shingo ndefu. Shule aliionja tu. Alikua nyuma ya mifugo, na alichokijua barabara ni masikio, maana kwao mnyama hutambulika kwa sikio.

Sikukuu ya Kanivali ikifika, huko kwao wanyama huvishwa maua. Si maua ya bustani. Ni vishada vya sufu iliyotiwa rangi, hufungwa sikioni, na kila ukoo una rangi zake. Akina Sótar walikuwa na nyekundu na rangi ya chungwa. Ardhi humwagiwa divai kidogo, majani ya koka yanafukiwa, na anayefunga ua humwambia mnyama maneno yake, kila mtu kwa namna yake. Mnyama akipotea, ua ndilo linalosema ni wa nani.

Alishuka Toconao na jibini siku ya sikukuu ya kijiji, akiwa msichana. Casimiro alikuwa amekaa uwanjani anauza vijiminara vya mawe, mfano wa mnara wa kengele wa kijiji. Honorina alikiinua kimoja, akakigeuza.

"Kengele yake inalia?"

"Hailii. Ni jiwe."

"Basi umechonga nusu," akasema, akakirudisha.

Casimiro hakupata la kujibu. Mwaka uliofuata alikuwa bado hajapata, akaona heri amuoe.

Walizaa wawili, wakawalea kwa zabibu, tini na mawe, na wote wawili wakaishia migodini Calama, kama watoto wa wengine. Nyumba ilipokuwa kimya mno, Leandro, kaka yake Honorina, aliyekuwa dereva wa watu wa darubini, akaja na habari kwamba wanatafuta mpishi.

"Wanakula nini watu wa anga?" Honorina akauliza.

"Chochote, dada. Wamekonda wote."

Basi akawa mpishi wao katika nyumba yao ya San Pedro, na mara moja kwa wiki akapanda mlimani na Leandro kusafisha vyumba vya kazi. Huko juu pumzi ni haba. Watu wa darubini hutembea na mirija ya hewa puani, Honorina alitembea na majani ya koka shavuni, akiyatafuna yamsaidie pumzi. Aliipenda ile mashine tangu siku ya kwanza. Ilikuwa bakuli jeupe kubwa kuliko nyumba, limelala juu ya mbavu za chuma, linageuka taratibu huku na huku kama mnyama anayenusa upepo. Kandokando ya mdomo wake kulikuwa na mabati mawili marefu, ya kukinga joto la ardhi lisiingie. Honorina aliyaita masikio. Na mashine yenyewe aliiita Mtamba, kwa sababu ilikuwa changa na bado haijazaa.

Siku moja alirudi nyumbani na jambo. Walikuwa wamekaa ukingoni mwa mfereji, wanasubiri zamu ya jirani iishe.

"Yule binti Amparo ameniambia wanachotazama," akasema. "Ni mwanga. Wa kwanza kabisa, kabla ya jua, kabla ya nyota."

"Uko wapi?"

"Kila mahali. Nyuma ya vitu vyote. Ila umesafiri mno, umepoa, hauonekani tena kwa macho."

"Wewe umeuona?"

"Si nimekwambia hauonekani? Sikiliza. Ukija huku unapita kwenye vitu vizito, na vyenyewe navyo havionekani. Vinaupinda. Kidogo tu. Sasa wao hawachori ule mwanga. Wanachora kile kilichoupinda, kipo wapi na kina uzito gani."

Casimiro akalitafuna hilo. "Kwa hiyo wanachora kisichoonekana kwa kutazama kisichoonekana."

"Ndiyo."

"Na wanalishwa kwa kazi hiyo."

"Na mimi ndiye ninayewalisha, nyamaza." Alicheka, kisha akanyoosha kidole kwenye mfereji. Mahali pamoja maji yalikuwa yanajikunja, halafu yananyooka tena. "Unaona pale? Chini kuna jiwe. Wewe hulioni, maji ndiyo yanayokwambia. Basi anga nayo hivyohivyo."

Hapo Casimiro alielewa. Yeye mwenyewe hugonga jiwe kwa nyundo akasikiliza, na sauti ikipinda anajua ndani kuna ufa. Wala halikuwa geni kwa wazee wao, waliomwona lama angani katika yale mabaka meusi yaliyo kati ya nyota. Hakusema hivyo. Alisema, "Zamu yetu hiyo," wakainuka.

*

Mwezi wa pili mvua hunyesha huko juu, mawingu yanaziba anga, na darubini husimamishwa ifanyiwe matengenezo. Mwaka huo Casimiro naye alipandishwa, kujenga vidato vya mawe mlangoni mwa chumba cha kazi. Ilikuwa wiki ya Kanivali.

Mwaka uliotangulia ulikuwa wa mikosi. Theluji ilifunga njia, jenereta zilikufa, fundi mmoja alivunjika mguu. Honorina hakushangaa hata kidogo. "Mnamtuma mnyama malishoni hana ua," alikuwa akisema jikoni, na watu wa darubini wakicheka wakidhani anatania.

Saa ya chai walikuwa wote ndani wanashika vichwa. Honorina akatoka na mfuko wa plastiki na chupa ndogo ya divai, akamwendea mumewe.

"Njoo unishikie ngazi."

"Umeomba ruhusa?"

"Kwa mwenye mlima nimeomba." Akamwaga divai chini. "Hivyo."

"Na hao walio ndani?"

"Hao vichwa vinawauma, usiwasumbue."

Casimiro akashika ngazi. Angeweza kukataa, na hakukataa. Ukweli ni kwamba naye aliona ni jambo la haki. Ua lenyewe lilikuwa zuri, la nyekundu na chungwa, na ndani yake Honorina alikuwa amesokota nyuzi za kumetameta zilizobaki kwenye mti wa Krismasi, kwa sababu huyu hakuwa mnyama wa kila siku. Alipanda polepole, akalifunga juu kabisa ya sikio la kulia, nyuma ya komeo linaloshika bati, mahali ambapo mtu wa chini halioni. Akalishika bati kwa kiganja akamwambia Mtamba maneno yake. Casimiro aliyasikia kutoka chini. Kisha akashuka, midomo imekuwa ya buluu, anacheka.

Hiyo ilikuwa mara yake ya mwisho kupanda ngazi yoyote. Zahanati ilimpiga marufuku kwenda juu, ikasema moyo umechoka. Akabaki na jiko la San Pedro.

Mvua ilikwisha, Mtamba akarudi kazini, miezi ikapita. Mizabibu ilipoanza kuchipua tena, siku moja Honorina alikuwa anapakua supu ya mahindi na nyama, na Amparo alikuwa mezani na mwenzake mmoja. Hakuwa anakula. Alikuwa anavunjavunja mkate.

"Siku ikitazama mashariki, joto la ardhi linaingia," Amparo akasema. "Doa lilelile. Ni kama kuna kitu kinaning'inia mdomoni."

"Vioo vyake vya ndani umevitazama?"

"Nimevitazama mpaka nimechoka. Ni mimi niliyevikaza mwezi wa tatu. Nimevikaza vibaya, basi, hakuna kingine. Ile mipindo midogo ya mwanga tunayoitafuta ni midogo kuliko doa lenyewe. Mashariki yote itabidi tuikate."

"Mashariki ni nusu ya ramani."

"Najua ni nusu."

Upawa ulimponyoka Honorina ukaanguka sakafuni. Amparo akainuka, akamwokotea.

Honorina hakuhitaji kuelezwa. Amekulia mlimani, upepo anaujua. Asubuhi hakuna, mchana unatoka magharibi. Mtamba akitazama magharibi, unamsukumia ua nyuma ya sikio. Akitazama mashariki, unampiga kisogoni, na ua linarushwa mbele ya mdomo, na zile nyuzi zake za kumetameta zinamulika ndani joto la ardhi.

Usiku huo hakulala, wala uliofuata. Alimweleza mumewe. Casimiro alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Mwambie." Honorina akasema ndiyo. Kila asubuhi alitoka na neno mdomoni, jioni akarudi nalo. Badala yake alimpikia Amparo. Mikate ya moto, nyama kavu ya charki na viazi, tini zilizochemshwa na sukari.

"Unamnenepesha ili usimwambie," Casimiro alimwambia.

"Usinichome."

"Sikuchomi. Nasema ninachokiona."

"Jana alinishika mkono akalia, Jiwe. Kwangu, jikoni. Akasema huku ugenini mtu anayempa moyo ni mimi peke yangu." Alikuwa anamenya kitunguu akaacha. "Mimi. Unasikia? Na nilikuwa nimesimama pale, nikampa kitambaa ajifute."

Casimiro akakitwaa kile kitunguu akamalizia kukimenya. Ni yeye aliyeshika ngazi, na hilo Honorina hakuwahi kumkumbusha hata mara moja. Ingekuwa nafuu kama angemkumbusha.

Halafu miguu ikavimba, akakaa nyumbani siku kadhaa. Ni katika kukaa huko alipopiga moyo konde. Na asubuhi alipokuwa tayari, maji yalikuwa yao.

*

Amparo alikuja mazikoni. Alikuwa ameahirisha safari. Watoto walikuja kutoka Calama, wakalia, wakarudi Calama. Watu walipokuwa wanatawanyika makaburini, Amparo akamsogelea Casimiro, macho mekundu, koti limemzidi.

"Mzee, pole sana."

"Ahsante, mwanangu."

"Wiki ile Mama Honorina alinitumia salamu kwa kaka yake. Alisema ana neno la kuniambia, nimsubiri. Nilisubiri." Akavuta koti lake. "Mzee unalijua?"

Neno lilikuwa pale kooni, limeiva. Leandro alikuwa amesimama hatua chache kutoka hapo, anamtazama. Mchanga wa kaburi ulikuwa bado una unyevu.

"Silijui," Casimiro akasema.

Amparo akaitikia kwa kichwa. Akasema ataondoka baada ya ile siku ya kufua nguo za marehemu, maana ameambiwa ni heshima kungoja, na siku hiyohiyo atapanda mara ya mwisho kukabidhi kazi.

Casimiro alirudi nyumbani. Akapika chai, akaimwaga. Kila alipokaa alikaa na yale mawili. La kwanza lilikuwa kesho. La pili lilikuwa silijui. Honorina alibeba neno lake kwa aibu, na aibu yake ilikuwa ya mtu aliyependa. Yeye alikuwa amelibeba kwa nini? Alijiuliza hivyo akichonga, na jiwe likapasuka mkononi, jambo ambalo halikuwa limempata tangu ujana.

Siku ya kufua ilifika. Wanawake walishuka na nguo zake kwenye kijito, chini ya mitini, wakazisugua, wakazitandaza juu ya mawe. Wanaume walikaa kando na koka na divai. Leandro akajisogeza karibu na mwenye msiba.

"Shemeji," akasema kwa sauti ya chini. "Najua unachofikiri."

"Unakijua?"

"Dada aliniambia. Sikiliza, usije ukafungua mdomo. Watasema wenyeji wanaichezea mashine. Tutafukuzwa mlimani wote, kuanzia mimi. Na jina la dada je? Leo analiliwa kama mama yao. Kesho atakuwa yule mpishi aliyewaharibia anga."

Casimiro alitazama kijito.

"Na tena nililiona," Leandro akaongeza, polepole zaidi. "Nilipanda kupaka grisi mwezi wa nne, nikaliona ua. Nyekundu na chungwa. Nikajua ni la kwetu. Sikuona cha ajabu, shemeji. Mnyama kavikwa ua, ajabu iko wapi? Ningemwona hana, hapo ningeshtuka."

Kwa mara ya kwanza tangu msiba Casimiro alitaka kucheka, na hakuweza. Pale kijitoni mke wa Leandro alikuwa anakamua aproni ya Honorina, ile ya jikoni, na bado ilitoa harufu ya kitunguu. Akaikung'uta, akaitandaza juani, akawaambia wenzake, "Huyu mama alikuwa hana deni na mtu."

"Hana," wakaitikia wengine.

Roho ikamsuta Casimiro mpaka akasimama.

"Leandro. Washa gari."

"Twende wapi? Nguo hazijakauka."

"Mlimani."

"Shemeji, keti. Hujapanda tangu mwezi wa pili, utazimia. Twende kesho asubuhi kwa utulivu..."

"Usiniambie kesho."

Leandro aliinuka. Kisha akatema koka, akatafuta funguo mfukoni.

*

Njiani hawakusimama. Walipofika, upepo ulikuwa umeanza. Amparo alikuwa nje ya chumba cha kazi, mrija wa hewa puani, anakabidhi funguo kwa mwenzake. Alipomwona Casimiro akitembea kwa kushika kifua, alimkimbilia.

"Mzee, huku umefuata nini? Kaa hapa." Akamkalisha kwenye vidato vya mawe, vile alivyovijenga mwenyewe.

Casimiro alingoja pumzi. Pumzi haikuja yote, akaona aseme na ile iliyopo.

"Vioo ulivikaza vizuri," akasema.

Amparo hakuelewa.

"Doa ni ua. La sufu. Limefungwa sikio la kulia, juu, nyuma ya komeo. Honorina alilifunga Kanivali. Mimi nilishika ngazi."

Yule binti aligeuka. Kisha akaunyanyua uso kumtazama Mtamba, aliyekuwa anageuka kuelekea mashariki taratibu zake. Akaomba mashine isimamishwe. Leandro akaleta ngazi bila kuambiwa, naye Amparo akapanda mwenyewe, akachungulia nyuma ya sikio. Hakulikata. Alibaki amesimama juu pale, na wote wa chini wakaona alichokuwa anakiona. Upepo uliinua kile kishada, ukakipitisha juu ya ukingo, kikawa kinacheza mbele ya mdomo mweupe, chekundu, kinametameta.

Alishuka. Akaketi kidato cha pili, karibu na mzee.

"Nilifungua kila kitu," akasema. Sauti yake haikuwa na upole. "Miezi yote. Nilimwandikia mwalimu wangu kwamba kazi hii mikono yangu haiiwezi."

"Najua."

"Na yeye alijua. Alikuwa ananipakulia supu na anajua. Kwa nini hakuniambia?"

"Aliogopa utamchukia. Halafu akaacha kuogopa. Asubuhi ile aliniomba nimlete kwako." Casimiro alitazama mikono yake. "Ilikuwa zamu yetu ya maji. Nikamwambia kesho. Alikufa mchana huohuo, langoni. Na uliponiuliza makaburini, nilikudanganya. Hayo mawili ni yangu, si yake."

Amparo hakumwambia kwamba si kitu. Casimiro alishukuru kwa hilo. Leandro alikuwa amesimama kando na kofia mkononi kama mtu aliye mbele ya hakimu.

Amparo akafuta pua kwa mkono wa koti.

"Asubuhi upepo haupo," akasema, kama anayeongea peke yake.

"Haupo," Leandro akajibu haraka. "Mpaka jua lipande. Kila siku."

"Basi asubuhi zote za mashariki ni safi. Mchana ndio wa kutupa." Akahesabu kwa midomo, akaacha. "Si nusu inayopotea. Ni sehemu yake tu. Doa lina saa zake, na saa zake tunazijua."

"Ramani itakuwepo?" Casimiro akauliza.

"Itakuwepo. Ina tobo, lakini itakuwepo." Akaligeukia lile sikio. "Itabidi tulitoe, mzee."

"Litoe. Nimelifuata hilo."

Leandro akapanda akalifungua, akashuka nalo. Hakumpa shemeji yake. Alimpa Amparo, na Amparo akalishika kwa mikono miwili, akazitenganisha nyuzi, nyekundu, chungwa, fedha. Hasira ilikuwa bado usoni, na kingine pamoja nayo.

"Mama aliwahi kuniambia," akasema, "kwamba kwenu anayefunga humwambia mnyama maneno. Nikamwomba anifundishe, akakataa, akasema hayafundishwi. Siku ile alipolifunga hili alisema nini? Ulikuwepo. Ulisikia?"

Casimiro alikuwa amesikia. Alikuwa chini, ameishika ngazi kwa mikono miwili, anaogopa mkewe asianguke, na kila neno lilimfikia. Akavuta pumzi iliyokuwepo, akayasema kama yalivyosemwa, bila kuongeza wala kupunguza:

"Malisho yako yako mbali, mwanangu, na hatuyaoni. Kula taratibu. Ukipotea, wakakuuliza wewe ni wa nani, usinifiche. Sema wa Honorina."